Pua ya Vespera

Jirani yangu Secondo Vaschetto alikuwa kiziwi, na uziwi wake aliupata kazini. Mafundi bati wote wa mji wetu wa Grugliasco, kando ya Torino, wa umri wake wako hivyo. Ukitaka kuazima chumvi kwake ilibidi upige kelele, na nyumba yetu ina ghorofa nne ambazo milango yote inafunguka kwenye baraza refu la vyuma linalozunguka ua, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba mimi, Ines wa ghorofa ya pili, nimeishiwa chumvi tena. Ndiyo maana katika miaka ishirini na sita ya ujirani wetu hakuwahi kunipa siri hata moja. Mtu wa kumpigia kelele humpi siri, wala yeye hakupi.

Mimi nilikuwa karani wa hati za magari. Ofisi yetu ipo karibu na kituo cha treni, chumba kimoja, meza mbili, na harufu ya wino ambayo haiishi hata ufungue madirisha yote. Mtu akinunua gari, akiuza, akifiwa na mume na gari likabaki, anakuja kwangu. Kwa miaka thelathini na moja sikuandika neno la uongo kwenye karatasi yoyote, na hilo najisifia bila haya, kwa sababu niliombwa mara nyingi na wengine walikuja na jibini nzima mkononi. Jibini nilipokea. Uongo sikuandika.

Basi mwezi wa nne mwaka 2009 akaingia ofisini Dokta Bonfadini kutoka Brescia, mwenye kiwanda cha mabomba ya maji. Udokta wake sijui ni wa nini. Kwetu mwenye tai na kiwanda anaitwa Dokta, na yeye hakatai. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye viatu vya kumtamanisha mtu. Alitaka nimtafutie kwenye vitabu vya sajili vya Torino historia nzima ya gari moja la zamani la milango miwili, la mwaka 1964, aina ya Bessone Vespera. Lilitengenezwa moja tu duniani, kwa ajili ya maonyesho, na yeye ndiye aliyekuwa nalo.

Ilinichukua wiki mbili. Kazi hiyo naipenda, maana orodha ya wamiliki, ukiisoma polepole, ni umbea mtupu ulioandikwa kwa herufi nzuri. Wa kwanza, mhandisi Gribaudo wa Torino, alikaa na gari miaka mitatu. Wa pili, Delfina Morra, mfamasia wa Alba, alilinunua mwaka 1967, na kwa kuwa Alba ni mkoa mwingine akalazimika kubadilisha kibao cha namba, kama ilivyokuwa sheria wakati ule. Bibi huyo alilishika gari miaka ishirini na tisa. Hebu fikiria, mwanamke wa Alba, enzi hizo, anapanda vilima vya mizabibu kupeleka dawa za kikohozi ndani ya gari la kwenda kilomita mia mbili kwa saa! Huyo ningependa kumfahamu. Baada yake akaja mpwa wake, aliyelifunika turubai kati ya mapipa ya divai, kisha muuzaji mmoja wa Milano, kisha Dokta wangu wa mabomba.

Siku aliyokuja kuchukua karatasi, mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema, "Bessone? Jirani yangu alifanya kazi kwa Bessone. Ndiye aliyebaki, wengine wote wamekufa."

Dokta aliketi upya kwenye kiti. Laiti ningenyamaza.

Secondo alizaliwa mwaka 1937, mtoto wa pili, ndiyo maana akaitwa hivyo. Wazazi wa enzi zile hawakujisumbua na majina. Alipata kazi kwenye karakana ya Bessone akiwa na miaka kumi na sita na akatoka hapo mwaka 1974 ilipofungwa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unachukua bati la alumini, unaliweka juu ya mfuko wa mchanga, unaligonga kwa nyundo ya mti mpaka lianze kujikunja, kisha unalipeleka kwenye umbo la mbao lenye ukubwa wa gari zima na kuliegemeza. Ukiona mwanga unapita kati ya bati na mbao, unarudi kwenye mchanga. Unakwenda na kurudi, mara mia, mara mia mbili. Macho hayatoshi kwa kazi hiyo, ni kiganja kinachojua. Kuna siku alipitisha kiganja kwenye mlango wa friji yangu mpya akaniambia iliangushwa wakati wa kupakuliwa, na kweli duka wakakiri.

Baada ya Bessone kufungwa alinyoosha bampa za magari madogo kwenye gereji moja hadi alipostaafu. Yeye mwenyewe alikuwa na baiskeli tu. Mkewe Marisa, aliyekuwa akifunga chokoleti kiwandani, alifariki mwaka 2001, na hawakujaliwa watoto. Yale magari mazuri aliyoyagonga yalitoka na nembo ya Bessone mbele, na nyuma na sahihi ya mchoraji, bwana Aimone Revel, kwa herufi za fedha. Jina la fundi bati halikuwekwa popote, na wala hakuna aliyewahi kufikiri kwamba lingewekwa.

Jumanne moja nikampeleka Dokta nyumbani kwa Secondo. Mzee alikuwa ametandika kitambaa cha Marisa cha sikukuu na kufungua chupa ya divai ya Barbera. Dokta akatoa picha mbili na kuziweka mezani. Moja ilikuwa ya rangi, ile iliyo kwenye vitabu vyote vya magari: Vespera la kijivu mbele ya duka la dawa la Alba, lenye pua ndefu, ya chini, na mdomo mwembamba kama wa mtu anayezuia kicheko. Nyingine ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, yenye ukungu, imepigwa siku ya maonyesho mwaka 1964. Aliipata mnadani.

"Tazama, Mzee wangu," Dokta akasema kwa sauti kubwa, maana nilishamfundisha. "Hapa pua inaonekana fupi. Fundi wangu anasema hii ya sasa si ya asili, iliwekwa baadaye. Mimi sijui. Mwezi wa tisa nalipeleka kwenye maonyesho ya ziwani, na majaji wa pale wanataka gari liwe kama lilivyotoka karakana siku ya kwanza. Kama pua ni ya baadaye, tunaikata na kutengeneza nyingine kama ya picha hii. Kama ni ya asili, nahitaji mtu aliyekuwepo aseme hivyo na atie sahihi. Aliyekuwepo ni wewe tu."

Secondo aliitazama ile picha ya zamani muda mrefu. Akaigeuza, akatazama nyuma, kama vile kungekuwa na jibu huko.

"Mpaka nilione gari lenyewe," akasema.

Jumamosi nikamchukua kwa gari langu dogo kwenda Brescia. Alivaa shati jeupe na kukaa saa nzima kofia ikiwa magotini. Tulipopita mji wa Santhià akanigusa mkono.

"Funga vioo."

"Na joto hili? Unataka tuive?"

"Funga, Ines. Na huo upande wako pia."

Nikafunga. Pembeni yetu yalikuwa malori na mashamba ya mpunga, lakini yeye alijua sauti yake.

"Ile pua si ya Revel," akasema. "Ni yangu."

"Yako vipi? Si zote uligonga wewe?"

"Nilizigonga, lakini za kwake. Hii ni yangu. Hakuna aliyeichora."

Ndipo nikasikia, jasho likinitiririka mgongoni. Lile umbo la mbao la Vespera lilikaa karakana miaka miwili likisubiri wateja ambao hawakuja. Krismasi ya mwaka 1966, Bessone, kama kawaida yake na maumbo yasiyohitajika tena, akaruhusu wafanyakazi waligawane kwa ajili ya majiko yao. Ilikuwa ni mbao nzuri, kavu, na kila mmoja alipata kipande chake kwa bahati nasibu. Secondo akapata pua. Aliibeba nyumbani juu ya baiskeli, akaipasua, na Marisa akachomea njugu za msituni wiki mbili nzima.

"Subiri kwanza," nikasema. "Uliichoma pua ya Vespera?"

"Cerutti msimamizi alichoma mlango. Mbona humuulizi yeye?"

"Cerutti amekufa!"

"Basi ndiyo bahati yake. Mwezi wa kwanza lori likaja likilikokota gari la mhandisi. Alikuwa ameugonga mti barabara ya Stupinigi, pua yote imebonyea mpaka kwenye injini. Cerutti akaniambia, kalete umbo la pua. Nikamwambia, umbo la pua limeliwa na jiko. Akanitazama! Akasema, na mchoro? Mchoro Revel alishaondoka nao alipogombana na mzee Bessone. Tulikuwa na picha moja ya kadi, tena ya ubavuni. Cerutti akafunga mlango wa chumba akasema, Vaschetto, mteja analipia pua ileile, gonga pua ileile, na ukifungua mdomo wako sote tutalala njaa."

"Ukagonga bila umbo."

"Siku tisa. Tatu za mwanzo nilikuwa nakumbuka. Mkono ulikuwa unakumbuka, mimi nilikuwa naufuata tu. Siku ya nne nikafika mahali ambapo pua ya Revel ilikuwa inaishia, na nikaona kwamba haipaswi kuishia pale. Alikosea, Ines. Alikuwa mchoraji mkubwa na pale alikosea, aliikatiza mapema. Nikaendelea. Upana wa vidole viwili, basi. Nikaushusha na mdomo."

Alikuwa akionyesha hewani kwa mikono yote miwili, na kofia yake ilikuwa imeanguka miguuni bila yeye kujua.

"Mhandisi alipokuja kulichukua akasema limerudi zuri kuliko lilivyokuwa, tumelifanya nini? Cerutti akajibu ni rangi mpya."

Baadaye bibi mfamasia akalinunua, wapiga picha wa vitabu wakampata huko Alba, na mwaka 1978 Secondo alikuwa kwa kinyozi, amepakwa sabuni nusu ya uso, alipofungua jarida na kukuta pua yake. Waliandika kwamba ni pua ambayo Revel peke yake angeweza kuichora. Revel alikuwa ameshafariki. Secondo aliomba ukurasa ule, na Marisa akauweka kwenye droo pamoja na cheti cha ndoa.

"Miaka arobaini na miwili," akasema. "Sikumwambia mtu zaidi ya Marisa. Sasa amekuja mtu nyumbani kwangu, amekaa kwenye kiti changu, ananiuliza: hii ni ya nani? Hakuna aliyewahi kuniuliza, Ines. Nataka nimwambie ni yangu."

"Ukimwambia ni yako ataikata."

"Najua."

"Atachukua msumeno na kuikata, Mzee Secondo, na ataweka ile fupi ya Revel!"

"Nimesema najua! Unadhani tangu Jumanne nalala?"

Nilisimama kwenye kituo cha mafuta nikafungua vioo, maana nilikuwa naona nyota. Tulikula mkate wa nyama tukiwa tumesimama, hatutazamani. Nilikuwa na hasira na sikujua ni ya nani. Ya mabomba ya maji, nadhani, na ya mdomo wangu.

Karakana ya Dokta ilikuwa safi kuliko jikoni kwangu. Vespera lilisimama katikati, na nakiri mimi ambaye magari nimeyaona kwa makaratasi tu nilisimama mlangoni. Fundi wa Dokta alikuwa kijana wa Modena aitwaye Loris, mwenye kalamu sikioni na kifaa cha kupimia kinachotoa mwanga mwekundu. Tayari alikuwa amebandika mkanda wa karatasi wa bluu kuzunguka pua, mstari mnyoofu, mahali pa kupitishia msumeno.

Secondo aliuona ule mkanda. Aliomba boneti ifunguliwe, akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono ndani ya pua, kwa chini, mahali ambapo hakuna rangi. Akafumba macho. Kiganja kilikwenda taratibu kutoka kushoto hadi kulia, kikasimama, kikarudi kidogo, kikaendelea. Alama za nyundo yake zilikuwa humo zote. Nilimwona akilia na sikuona sababu ya kugeuka pembeni. Alilia wazi, kwa dakika moja hivi, mkono ukiwa bado ndani. Dokta akavua miwani akaifuta.

"Mzee," Dokta akasema, "ni ya asili?"

Secondo hakusikia, au alijifanya hajasikia. Dokta akarudia kwa sauti kubwa.

"Niliigonga mimi," Secondo akasema. "Kwa mikono hii."

"Lini?"

Aliutazama ule mkanda wa bluu. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

"Mwaka sitini na nne," akasema.

Loris hakuridhika. "Samahani, Mzee, lakini picha inaonyesha fupi. Nimepima. Ni sentimita tatu na nusu."

"Kijana, una kitambulisho?"

"Ninacho."

"Kitoe. Hebu itazame hiyo picha yako. Ndiyo sura uliyozaliwa nayo hiyo?"

Dokta akacheka, na hata Loris, baada ya kuchungulia kitambulisho chake, akacheka na kuanza kubandua mkanda. Nilimwona Secondo akiutazama unavyotoka, kipande kwa kipande, mpaka wa mwisho.

Kilichobaki kilikuwa karatasi. Dokta alitaka maelezo ya shahidi, yaliyopigwa chapa, yenye sahihi. Jumatatu saa saba, ofisi ikiwa imefungwa kwa chakula cha mchana, Secondo akaketi mbele ya meza yangu.

"Andika," akasema.

"Mimi sitaandika. Tafuta mwingine."

"Mwingine yupi? Mwingine atataka nimweleze, nami nitampigia kelele, na Grugliasco yote itajua."

"Mzee Secondo, miaka thelathini na moja..."

"Nimeshaisikia hiyo. Ile ya jibini."

"Siyo utani! Ukiandika uongo kwenye hati, haufi. Wewe utakufa, mimi nitakufa, yeye atauza gari, atakayekuja baada yake atasoma karatasi hii na kuamini. Jina lako litatoka kabisa. Sasa hivi angalau halijaandikwa popote. Ukitia sahihi hapa, itakuwa imeandikwa kwamba si wewe."

Alifikiri. Yeye si mtu wa kufikiri haraka, na sikumharakisha.

"Mimi nikiwa na Marisa kule makaburini," akasema, "hiyo pua itakuwa inapita barabarani na watu wanageuza shingo. Wanageuza shingo kwa sababu ya vile vidole viwili. Hawajui, lakini ndiyo sababu. Wewe unataka waikate ili karatasi yako iwe safi?"

Nikavuta karatasi.

Aliposema mwaka 1964, nikaandika mwaka 1964. Huo uongo wa kwanza ulipita kooni. Kisha nikamwambia kwamba hati ya namna hii lazima itaje umbo lilitoka wapi, la sivyo majaji watauliza. Kwa hiyo nikaandika: "kwa kufuata mchoro wa bwana Aimone Revel." Nikamsomea karibu na sikio. Akaniomba nisome tena. Akachukua kalamu, akaiweka chini, akaenda dirishani akatazama treni ya saa saba na nusu ikipita na nyingine ya kwenda upande wa pili. Nilitaka kumwambia aache, twende tukale. Alirudi akatia sahihi, Vaschetto Secondo, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, akaondoka bila kuniaga. Mimi nilibaki nikilia juu ya mashine kama mjinga mpaka wateja wa saa nane wakaanza kugonga mlango.

Mwezi wa tisa Dokta alitutumia dereva. Sikutarajia, nimesema alikuwa mtu mpole. Secondo alivaa suti ya harusi yake, ambayo bado ilimtosha kwa sababu alikuwa anakula kama ndege tangu afiwe. Tulipewa viti safu ya tano, ukingoni mwa ziwa, katikati ya watu wanaonukia vizuri. Mbele yetu alikaa mama mmoja mwenye kofia ya ukili pana kama meza, na ilitubidi tuchungulie kulia na kushoto.

Majaji walikuwa wamemaliza kazi asubuhi. Magari yakaanza kupita moja moja mbele ya jukwaa. Vespera lilipotokea kwenye kona ya bustani, niliwatazama watu. Kweli, waligeuza shingo wote pamoja. Dokta alikuwa kwenye usukani, mwekundu wa furaha. Mtangazaji akashika kipaza sauti, akasema limepata zawadi ya kwanza katika kundi lake, akataja wamiliki wote watano niliowatoa vitabuni mimi, mhandisi, bibi mfamasia, wote.

"Na sasa, mabibi na mabwana," akasema, "naomba mwitazame pua hii. Aimone Revel aliichora akiwa kwenye kilele cha uwezo wake. Tuna ushahidi wa maandishi wa fundi aliyetekeleza mchoro huo. Hakuna mkono mwingine duniani ambao ungeweza kuifikiria. Makofi kwa Revel!"

Makofi yakalipuka. Watu walisimama. Secondo naye akasimama, akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, ile mikono minene, uso umeelekea kwenye gari, hakupepesa. Nilikuwa namtazama yeye na nilikuwa na uchungu ambao sijawahi kuwa nao hata kwenye mazishi. Kisha akainama kwangu.

"Amesema nini? Kipaza sauti kinakoroma, sikusikia."

Nikaweka mdomo sikioni kwake.

"Amesema pua imetengenezwa na Secondo Vaschetto wa Grugliasco," nikasema, "bila mchoro, kwa siku tisa. Na hakuna mkono mwingine duniani ambao ungeweza kuifikiria."

Aliacha kupiga makofi. Akanitazama. Alijua, bila shaka alijua. Sahihi ilikuwa yake.

"Rudia," akasema. "Sikio hili si zuri."

Nikarudia, kwa sauti ile ninayotumia barazani ninapoazima chumvi. Yule mama mwenye kofia akageuka.

"Nani?" akauliza. "Umesema nani?"

Nikamtajia taratibu, ukoo kwanza kisha jina, kama tunavyofanya ofisini mtu anapoandika.